Gavana, Dereva Wake na Mkanda Usiofungwa

Jioni ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili 2007, Chevrolet Suburban moja ilikuwa inakimbia kuelekea kaskazini kwenye barabara ya Garden State Parkway, jimbo la New Jersey, Marekani. Taa za dharura zilikuwa zinawaka. Suburban ni dude refu la siti za mistari mitatu, ndugu wa hizi V8 zinazotupita kwa ving'ora. Usukani ulikuwa mikononi mwa askari polisi wa jimbo. Kulia kwake, siti ya mbele, alikaa Jon Corzine, gavana wa New Jersey, mzee wa miaka 60 aliyewahi kuiongoza benki ya Goldman Sachs kabla ya kuingia kwenye siasa. Siti ya nyuma alikuwa msaidizi wake.

Walikuwa wanatoka Atlantic City, ambako gavana alizungumza na mameya, na wanawahi Princeton, kwenye makazi rasmi yanayoitwa Drumthwacket. Huko kulikuwa na kikao cha aibu kidogo: mtangazaji wa redio Don Imus, aliyekuwa ametoa maneno ya kibaguzi hewani dhidi ya wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers, alikuwa anakwenda kukutana nao uso kwa uso. Gavana alitaka awepo. Ratiba ilikuwa imebana, na kila aliyewahi kumwendesha kiongozi anajua ratiba ikibana mguu wa dereva unakuwaje.

Eneo la Galloway, pikapu nyekundu iliyokuwa barabarani ilitoka pembeni kidogo, kisha dereva wake akairudisha barabarani ghafla. Pikapu nyingine, nyeupe, ikayumba kuikwepa na kuligonga gari la gavana. Suburban ikapoteza mwelekeo, ikaenda kuishia kwenye reli ya chuma ya pembeni.

Dereva alipata majeraha madogo. Msaidizi wa nyuma naye hivyo hivyo. Gavana alivunjika paja la kushoto kwa namna mbaya, mfupa ukatoboa ngozi. Alivunjika kidari, mtulinga, mbavu 11 na pingili ya chini ya uti wa mgongo, akachanika na kichwa. Iliripotiwa kwamba alirushwa kutoka siti ya mbele hadi nyuma. Helikopta ikampeleka hospitali ya Cooper mjini Camden, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, paja likafanyiwa upasuaji mara tatu, na kwa wiki kadhaa jimbo likawa chini ya kaimu gavana, Richard Codey. Alitoka hospitali tarehe 30 Aprili.

Dereva alikuwa amefunga mkanda. Gavana hakufunga.

Namba mbili kutoka kwenye kisanduku

Siku za mwanzo watu wote walikuwa wanaisaka ile pikapu nyekundu. Halafu wataalamu wakafungua kinasa data cha Suburban yenyewe, kile kisanduku kidogo kinachohifadhi mambo ya sekunde chache kabla ya mifuko ya hewa kufumuka. Kikatoa namba mbili.

Ya kwanza: sekunde 5 kabla ya kugonga, gari lilikuwa kwenye maili 91 kwa saa, yaani kilomita 146 hivi, mahali ambapo kikomo ni maili 65, kama kilomita 105. Namba hii ndiyo iliyobeba vichwa vya habari, na ilistahili. Bodi ya polisi wa jimbo iliyopitia ajali ile iliamua kwamba ingeweza kuepukika. Kwa hiyo tukubaliane mapema: mwendo ndio ulioileta ajali ile, na hakuna mkanda duniani unaozuia magari kugongana. Anayekuambia mkanda unazuia ajali hajui anachokisema.

Namba ya pili haikupigiwa kelele sana, nami nadhani ndiyo yenye somo. Gari lilipoifikia ile reli ya chuma lilikuwa limeshuka hadi maili 30 kwa saa, karibu kilomita 48. Kilomita 48! Huo ni mwendo wa mtaani. Hapa Tanzania kibao cha 50 ndicho tunachokiona tukiingia kwenye makazi ya watu, na madereva wengi tunakilalamikia kwamba kinatutembeza kama konokono. Mbavu 11 na kidari cha gavana vilivunjika kwenye mwendo ambao mtu akiwa nao anajihisi amesimama.

Chukua mtu wa kilo 80 anayekwenda kilomita 48 kwa saa. Mwili wake umebeba nguvu ile ile ambayo angekuwa nayo akianguka kutoka mita 9 juu, yaani kutoka juu ya jengo la ghorofa tatu. Gari likisimama ghafla, mwili haujui kama gari limesimama, unaendelea na safari. Aliyefunga mkanda anasimamishwa polepole kidogo: pua ya gari inakunjamana, mkanda unanyumbuka, na jumla anapata kama nusu mita au zaidi ya kusimamia. Kwa umbali huo, mzigo unaomkamata ni kama tani moja na nusu, ukiwa umetandazwa kifuani na kwenye nyonga. Ni mwingi, unaacha michubuko, wakati mwingine unavunja ubavu. Asiyefunga anakwenda mpaka akutane na dashibodi, usukani au kioo, halafu anasimama ndani ya kiasi cha sentimita 10. Hapo mzigo unafika tani 7 na zaidi, na unampiga pale pale alipogusia, iwe goti, kidari au paji la uso. Hii ni hesabu ya darasani, haina ujanja wa maabara. Tofauti yote inatokana na umbali wa kusimamia.

Ndiyo maana mkanda wa pointi tatu umekaa ulivyokaa. Aliyeubuni mwaka 1959, Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, alikuwa ametoka kutengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege za kivita, kwa hiyo alijua mwili unavumilia wapi na hauvumilii wapi. Kipande kimoja kinapita kwenye mifupa ya nyonga, kingine kinapanda kuvuka kidari na kulala juu ya mtulinga. Mifupa migumu ndiyo inayobeba. Mkanda uliopitishwa chini ya kwapa kwa sababu unabana shati unabeba kwenye mbavu laini na ini. Uliolegezwa kwa kibanio cha nguo, kama nilivyoona kwa jamaa mmoja wa teksi, unampa mtu nafasi ya kuongeza kasi kabla haujamdaka. Volvo waliiacha wazi hataza yake, yaani haki ya kuumiliki ubunifu huo, kila mtengenezaji akautumia, na ndiyo maana upo hata kwenye gari lako la milioni saba lililotoka Japani.

Dereva kama kipimo

Ukikisimulia kisa hiki kijiweni, watu hawakosi jibu. "Siku yake ilikuwa haijafika." "Dereva alikuwa na bahati, chuma kilipiga upande wa mwenzake." Hoja ya pili ina uzito. Siti mbili hazipokei pigo sawa hata ndani ya gari moja. Gari likichapa kwa kona ya kulia, aliyekaa kulia ndiye anayekipokea chuma. Kwa hiyo askari aliyetoka salama na gavana aliyebebwa si ushahidi tosha. Ni kisa kimoja tu.

Lakini kulinganisha watu wawili ndani ya gari moja si jambo la kijiweni tu. Mwaka 1986 mtafiti Leonard Evans wa General Motors aliligeuza kuwa njia ya utafiti. Tatizo lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: wanaofunga mikanda huenda ni watu waangalifu tangu mwanzo, wanaendesha taratibu, hawanywi, kwa hiyo wakipona usije ukaupa mkanda sifa isiyo yake. Evans akasema, basi tusilinganishe gari na gari. Tuchukue magari yenye dereva na abiria wa mbele, tuangalie dereva aliyefunga amekufa mara ngapi ukimlinganisha na abiria wake, kisha tuangalie dereva asiyefunga na abiria wa namna ile ile. Ajali ni ile ile, gari ni lile lile, mwendo ni ule ule. Kinachobadilika ni mkanda. Ukikusanya maelfu ya ajali, mambo ya kona ya kulia na kona ya kushoto yanamezana. Alipata kwamba mkanda unapunguza uwezekano wa dereva kufa kwa asilimia 40 na ushei. Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, kwa hesabu zake, linatumia asilimia 45 kwa waliokaa mbele kwenye magari madogo, na 60 kwa magari ya aina ya Suburban na pikapu. Kwa haya marefu namba ni kubwa kwa sababu yanapinduka kirahisi, na gari likipinduka mtu asiyefungwa hutoka dirishani.

Soma namba hiyo vizuri. Asilimia 45 maana yake si kwamba utapona. Katika kila madereva 100 wasiofunga ambao wangekufa, 45 hivi wangekuwa hai kama wangefunga, na 55 wangekufa hata hivyo, kwa sababu lori limewalalia au mwendo ulikuwa wa kichaa. Kwa hiyo anayekuambia "namjua fulani, alifunga na akafa" anasema kweli. Namjua mmoja pia. Hilo halipingani na hesabu, limo ndani ya hesabu.

Zile sekunde tano

Sasa nirudi kwenye gari la gavana, kwa sababu kuna jambo ambalo simulizi nyingi za mikanda hazilisemi kuhusu dereva. Tumezoea kuuongelea mkanda kama kinga ya kifua: unagonga, unakushika. Lakini ajali nyingi zina mapigo zaidi ya moja, na baina ya pigo na pigo dereva bado ana kazi.

Suburban ilikuwa kwenye kilomita 146, na sekunde 5 baadaye inaigonga reli ikiwa kwenye 48. Ukipiga hesabu ya haraka, hapo katikati ililiwa barabara ya zaidi ya mita 130, ndefu kuliko uwanja wa mpira. Pigo la pikapu nyeupe huenda lilikula sehemu ya mwendo. Mwendo mkubwa kiasi hicho, lakini, hauliwi bila breki. Na nguvu ya pigo haipungui sawasawa na mwendo, inapungua kwa mraba wake: kushuka kutoka 146 hadi 48 ni kubakiwa na takriban sehemu moja kati ya tisa ya nguvu uliyoanza nayo. Kama gari lile lingeigonga reli likiwa bado na hata nusu ya mwendo wake wa awali, sidhani kama tungekuwa tunaongelea mbavu.

Breki zilikanyagwa na mtu aliyekuwa bado kwenye siti yake. Hebu mfikirie dereva asiyefunga mkanda akigongwa ubavuni. Siti za gari kubwa ni pana na zinateleza. Mwili unakwenda upande, mguu unatoka kwenye pedeli, mikono inageuka ya kujishikilia usukani badala ya kuuongoza. Wanaoendesha daladala wanalijua hili bila ajali yoyote: ukikata kona kwa kasi bila mkanda, usukani ndio unaokushikilia wewe. Aliyefungwa kiunoni ana nyonga zilizogandana na siti, kwa hiyo mguu unabaki pale ulipo na macho yanabaki barabarani.

Siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa ndani ya kichwa cha askari yule. Lakini kwa namba za kile kisanduku, nausoma mkanda wa dereva kuwa ulifanya kazi mbili. Ulimshika yeye kwenye reli, na kabla ya hapo ulimwacha aendelee kuwa dereva. Yule aliyepuuza mkanda alipona, kwa sehemu, kwa mkanda wa mwenzake.

Mfuko wa hewa je?

Nitaipita haraka. Suburban ilikuwa na mifuko ya hewa. Mfuko umetengenezwa ukitegemea kwamba mtu amekaa mahali pake, ameshikwa na mkanda, na unamkuta anakuja mbele kwa kiasi. Ndiyo maana ule mfumo unaitwa wa nyongeza, na herufi SRS zilizoandikwa kwenye usukani wako zina maana hiyo. Asiyefunga anaukuta vibaya, akiwa ameshaegemea mbele kwa sababu ya breki, au anaupita pembeni. Tena unafumuka mara moja, kisha unanywea. Pigo la pili likija, hakuna kitu.

Kuna na wale wa "gari likiwaka moto au likitumbukia mtoni, mkanda utanifungia ndani." Ajali za moto na maji ni chache sana ukilinganisha na za kugonga na kupinduka. Na hata hapo, anayetoka ni aliyebaki na fahamu zake. Aliyegonga kichwa kwenye kioo hana mkanda wa kufungua, lakini pia hana akili ya kufungua mlango.

Hoja niipendayo zaidi kati ya zile za kupinga ni ya mchumi Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago, ya mwaka 1975. Alisema ukimpa dereva vifaa vya usalama, atajiona salama na ataendesha kwa fujo zaidi, na faida italiwa na wengine barabarani. Na mtu anaweza kuiokota ajali ya New Jersey na kusema: si unaona, aliyefunga mkanda ndiye aliyekuwa kwenye 146! Ni hoja ya kuchekesha, na inauma. Ila mwendo ule haukutoka kwenye mkanda, ulitoka kwenye kikao cha Princeton. Na nchi zilizolazimisha mikanda, kuanzia jimbo la Victoria huko Australia mwaka 1970 hadi Uingereza mwaka 1983, ziliona vifo vya waliokaa mbele vikishuka. Fujo ya ziada, kama ilikuwepo, haikutosha kuila faida yote.

Nani amwambie bosi?

New Jersey ilikuwa na sheria ya mkanda tangu mwaka 1985. Gavana ndiye mkuu wa sheria zote za jimbo. Pembeni yake amekaa askari, mwenye mamlaka ya kumwandikia faini raia yeyote aliyekaa siti ile bila mkanda. Na bado mkanda haukufungwa. Baada ya ajali, mkuu wa wafanyakazi wa gavana aliulizwa inakuwaje askari asimwambie, akajibu kwamba gavana si mtu wa kupokea ushauri kila mara.

Jibu hilo nilipolisoma nilicheka kwa uchungu, kwa sababu nimeendesha magari ya ofisi kwa miaka na ninaijua siti ile. Dereva wa mkubwa anaogopa vitu vingi barabarani, lakini anachokiogopa kuliko vyote kimekaa nyuma yake kinasoma gazeti. Bosi akiingia, unamfungulia mlango, unamwambia "shikamoo mzee," unaondoka. Kumwambia "mzee, naomba ufunge mkanda" kunasikika kama unamwambia huna hakika na uendeshaji wako. Wengine wanakujibu hivyo hivyo: "Kwani wewe unapanga kunimwaga?"

Na hapo ndipo usalama wa dereva unapoguswa na mtu mwingine. Aliyekaa nyuma bila mkanda, gari likigonga mbele, anakuwa mzigo wa kilo 80 au 90 unaokuja mgongoni mwa siti ya dereva. Dereva amefunga, ameshikwa na mkanda wake mbele, na nyuma anapigwa na bosi wake. Utafiti uliofanywa kwa ajali za Japani na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliokaa mbele wakiwa wamefunga, uwezekano wao wa kufa ulikaribia mara tano pale waliokaa nyuma yao walipokuwa hawajafunga. Tafiti za Marekani zilizofuata zilipata ongezeko dogo zaidi, lakini upande ule ule. Kwa hiyo dereva anapomwomba abiria wa nyuma afunge, anaulinda mgongo wake pia.

Kwetu jambo hili limekwenda kwa kuchechemea. Sheria ya Tanzania ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwa miaka mingi imekuwa ikimbana dereva na abiria wa mbele, wa nyuma akaachwa na hiari yake. Kenya walijaribu njia ya mkato: tarehe 1 Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda kwa kila abiria, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Matatu zikagoma, watu Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini, bei ya mikanda ikapaa. Waliopanda matatu miaka iliyofuata wanaikumbuka ile mikanda: mingine michafu mpaka abiria anaogopa kuchafua shati, mingine imefungwa fundo, mingine haishiki.

Kwa madereva wenyewe, mchezo tunaoucheza ni wa trafiki. Panda gari binafsi kutoka Dar kwenda Morogoro uangalie. Wanaotoka mbele wakiwasha taa kukuashiria kwamba askari yuko pale, mkono wa kulia unauvuta mkanda na kuuburuta kifuani, na mara nyingi ulimi wa chuma haufiki kwenye kifungio. Unashikiliwa tu na vidole karibu na paja, mpaka trafiki apite. Huo ni ufundi kabisa, na umezalishwa na faini ya shilingi 30,000. Na kuna vile vichuma vinavyouzwa, vya kuchomeka kwenye kifungio ili kengele ya gari inyamaze. Mtu anatoa hela yake mfukoni kununua kitu cha kulinyamazisha gari linalomwambia kweli.

Corzine, kwa upande wake, aliomba mwenyewe aandikiwe faini. Ilikuwa dola 46, akalipa. Alipotoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu aliomba radhi kwa wananchi kwa mfano mbaya aliouonyesha, kisha akatengeneza tangazo la televisheni ambamo anajitaja jina na cheo na kusema alipaswa kuwa amekufa. Ni tangazo kavu, halina muziki wa kuliza watu, na nadhani ndiyo maana lilikumbukwa. Sitanyamazia na hili: siku ile ile alipotoka hospitali, waandishi walioufuata msafara wake kwenda Princeton waliripoti kwamba ulikuwa unakwenda maili 70 hivi kwa saa mahali pa 55.

Kisa hiki nilimsimulia bosi wangu wa wakati ule, safarini, tukiwa tumesimama kujaza mafuta Chalinze. Sikumwambia afunge. Nilimwambia tu habari ya gavana wa Marekani, mbavu, dereva, dola 46. Alinyamaza mpaka tulipolipa. Kisha akasema, "Hebu huu mkanda wa huku nyuma unafungwa wapi?" Tukatafuta. Ulimi wa chuma tuliuona, lakini kifungio hakikuwepo. Kilikuwa kimezikwa chini ya kava la siti, lile la manyoya ambalo ofisi ililipia ili gari lionekane la mkubwa. Ilibidi tulifungue kava kamba moja moja, yeye akiwa amesimama nje na koti mkononi, mimi nimepiga magoti juu ya siti nikipapasa. Chini yake nilikuta maganda ya karanga, sarafu ya shilingi 200, na vifungio viwili, vyote bado vimo kwenye nailoni ya kiwandani.